Niko mwaka wa pili, nyumbani wananiambia nitulie. Nianze lini kujipangia kazi?

"Shikamoo. Niko mwaka wa pili, shahada ya biashara, chuo kikuu cha hapa Tudor, na kwetu ni Likoni. Wastani wangu wa mwaka wa kwanza ulikuwa 57. Mzee anasema nitulie nisome, nikimaliza mjomba aliyekuwa bandarini atanitafutia nafasi. Wenzangu darasani wanasema bila mtu ndani hupati kazi Mombasa hii, uwe na shahada au usiwe nayo. Mmoja ananiambia nianze CPA, ile mitihani ya uhasibu, sasa hivi, mwengine nifanye cheti cha kliaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, mwengine niachane na biashara nihamie kompyuta. Sina pesa za kufanya yote. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wenyewe unaishia kwenye karo na nauli. Dada yangu amehitimu miaka mitatu iliyopita na bado yuko nyumbani. Nianze wapi, na lini?"

Marahaba, binti. Umeuliza mengi, lakini hofu yako ni moja: miaka minne ipite, uvae joho, upigwe picha, halafu urudi Likoni ukae kando ya dada yako. CPA, kliaringi, kompyuta na mjomba ni dawa ulizoandikiwa na watu ambao hawajakupima. Tutazifikia. Kwanza ujue kwa nini mtu mwenye shahada nzuri anaweza kukaa miaka mitatu bila kuitwa, maana ukilijua hilo utajua pa kutia nguvu.

Mwajiri anaogopa. Chukua ofisi ndogo ya kliaringi pale Moi Avenue, watu wanane. Karani mpya akiiweka bidhaa chini ya nambari ya ushuru isiyo yake, hati inarudishwa, kontena linabaki bandarini, siku za bure zinaisha, gharama za uhifadhi zinaanza kuhesabika kwa dola, na mwenye mzigo anampigia simu mwenye ofisi, si karani. Kosa la asubuhi moja linaweza kula faida ya mwezi. Kwa hivyo nafasi ikipatikana, mwenye ofisi hafungui kwanza lile rundo la barua lililoko kabatini. Anawageukia walio naye: "Kuna mtu mnamjua?"

Hiyo ndiyo "kujuana" mnayoilalamikia darasani. Sitakudanganya kwamba undugu na hongo havipo. Vipo, na vinawaumiza watoto wa watu. Lakini sehemu kubwa ya kujuana ni hofu ya kumwajiri mtu asiyejulikana kazi yake, na hofu hiyo hata mtoto wa Likoni asiye na jamaa mkubwa anaweza kuitibu. Anayejibu "mimi namjua mmoja" aghalabu si mjomba wa mtu. Ni karani wa ghala uliyekaa naye wiki 12, ni mhadhiri aliyesoma ripoti yako akaikumbuka, ni mwanafunzi wa mwaka wa mbele yako aliyekwisha kuajiriwa. Kwa hivyo ukiniuliza lengo la miaka hii miwili na nusu iliyobaki, nitakuambia hivi: siku unayovaa joho, wawepo watu watano au sita wasiokuwa jamaa zako ambao wamekuona kwa macho yao ukifanya kazi na kuimaliza.

Mjomba tusimtupe. Ila tumuombe anachoweza kutoa. Yeye "alikuwa" bandarini, umesema mwenyewe. Mamlaka ya Bandari ni shirika la serikali, nafasi zake hutangazwa hadharani na watu huitwa kwa usaili, na mtu aliyestaafu hana dawati la kukukalisha. Anachokuwa nacho ni simu yenye majina. Muombe akukutanishe na watu watatu wa kazi tofauti, kila mmoja dakika 30 tu: mmoja wa wakala wa meli, mmoja wa bohari la makontena kule Changamwe, mmoja wa uhasibu. Usiwaombe kazi. Waulize siku yao inaanzaje, wanatumia mfumo gani wa kompyuta, kijana mpya hukosea wapi, na kama wangekuwa mwaka wa pili leo wangejifunza nini. Mtu akiombwa kazi hujikunja. Akiulizwa kuhusu kazi yake hufunguka. Na akitokea mtu yeyote, hata rafiki wa mjomba, akasema ana barua ya ajira ya bandarini na anataka pesa ya "kuisukuma", mwambie mzee wako asitoe hata shilingi. Barua za namna hiyo zimewamalizia watu mashamba.

Sasa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, ambayo naiona ndiyo bawaba ya mlango wote, na ndiyo wanafunzi wengi wanaichukulia kama adhabu ya kujaza daftari. Vyuo vingi vya Kenya huwaachia wanafunzi wa biashara kwa wiki 8 hadi 12, mara nyingi kati ya Mei na Agosti. Kosa la kwanza ni la kalenda. Mwanafunzi husubiri mpaka Aprili, barua ya utambulisho itoke idarani, ndipo aanze kusaga soli. Kufikia hapo wenzake wa Tudor, wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, wa Bandari Maritime Academy, na watoto wa Pwani wanaosomea Nairobi na kurudi makwao kipindi hicho hicho, wote wameshapita katika ofisi zile zile. Wewe anza Novemba. Barua ya idara kama haijatoka, peleka yako mwenyewe na useme wazi kwamba ya chuo itafuata. Ofisi ikishakuandika jina kwenye orodha, barua ya chuo inakuwa ukamilishaji tu.

Andaa mafungu 25: barua yako ya ukurasa mmoja, sivii isiyozidi kurasa mbili, nakala ya kitambulisho, nakala ya matokeo. Uliza mapema idarani kuhusu bima ya ajali, kwa sababu ofisi nyingi zenye maghala na mitambo hazikupokei bila hiyo, na vyuo vingine huwa vimewakatia wanafunzi wote kwa pamoja. Usije ukainunua mara mbili. Barua zitembeze kwa miguu yako. Siku moja Moi Avenue na Nkrumah Road, siku nyingine Shimanzi, nyingine Changamwe. Baruapepe peke yake huzama. Kila unapoacha fungu, muombe mtu wa mapokezi akupigie muhuri kwenye nakala yako, andika tarehe na jina lake. Siku ya 14 piga simu na ulitaje jina hilo: "Nilimwachia dada fulani barua tarehe fulani." Wengi hawatakujibu kamwe. Ndiyo maana ni 25 na si 5.

Katika barua usiandike "natafuta nafasi yoyote". Mwenye ofisi husoma hapo kwamba itambidi yeye afikirie kazi ya kukupa, na hana muda huo. Andika kazi mbili au tatu unazoweza kuanza nazo Jumatatu ya kwanza: kulinganisha ankara na hati za kupokelea mizigo, kuingiza malipo kwenye Excel, kufuatilia madeni ya wateja kwa simu.

Utaulizwa na wenzako kama ni bora kwenda kampuni kubwa yenye jina. Jina kubwa hupendeza kwenye sivii, lakini katika ofisi kubwa mwanafunzi huishia kwenye mashine ya fotokopi, na bosi wake hata jina lake halijui. Kwa mtu asiye na jamaa wa kumtetea, nachagua ofisi ya watu watano hadi kumi na tano, ambako kazi ikizidi utapewa tu, upende usipende, na mwenye ofisi atakuona ukiifanya. Ukiwa na uhakika kwamba ile kubwa itakuweka katika idara ya hesabu na si mapokezi, basi nenda. Uliza kabla ya kukubali: "Nitakuwa chini ya nani, na nitatumia mfumo gani?" Asiyeweza kukujibu swali hilo hajakupangia kitu.

Ukishaingia, logibuku, lile daftari la chuo la kazi za kila siku, ijaze kila jioni kabla hujapanda feri, maana inayosubiri Ijumaa hujazwa kwa kubuni na msimamizi hulijua hilo. Na pembeni uwe na daftari lako la siri, ambamo kila wiki unaandika mstari mmoja wenye nambari: nimelinganisha ankara 140, nimegundua 6 zilizolipwa mara mbili. Mistari hiyo ndiyo itakayokuwa sivii yako ya mwaka wa nne. Omba barua ya mapendekezo wiki moja kabla ya kumaliza, ukiwa bado unakaa mezani hapo, na uombe itaje kazi ulizofanya; barua inayosema tu kwamba ulikuwa "mwenye nidhamu na bidii" haimwambii msomaji lolote. Baada ya hapo usipotee. Salamu za Idi, ujumbe mfupi wa kumwambia umefaulu somo fulani alilokusaidia, mara tatu kwa mwaka zinatosha. Ukimtafuta mtu siku ya shida tu, anajua.

Pesa. Atachimenti nyingi hazilipi, na wanafunzi huziacha nusu kwa sababu ya nauli na chakula. Piga hesabu mapema: wiki 12 kwa siku 5 ni siku 60, ukitumia shilingi 250 kwa siku ni 15,000. Anza kuitenga muhula huu, kidogo kidogo, kabla mkopo haujaisha. Kwako wewe feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini usisahau kutafuta pia upande wako: Mtongwe, hoteli za kuelekea Diani, na Dongo Kundu ambako eneo maalum la uchumi linaendelea kujengwa. Ofisi iliyo karibu na nyumbani huokoa hata saa.

Na jambo moja ambalo wasichana hawaambiwi mapema. Akitokea msimamizi anayefunga saini ya logibuku kwa masharti ya mwili, hilo ni kosa la jinai, si "tabia za ofisini". Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mhadhiri anayekusimamia siku hiyo hiyo, na uhamishwe. Wiki nne zilizopotea zinalipika.

Kabla ya atachimenti kuna kitu unaweza kuanza mwezi huu bila ruhusa ya mtu. Likoni haikosi chama cha kina mama, kamati ya madrasa, mwenye tuktuk tatu anayepokea hesabu kila jioni kwa kichwa. Nenda kwa mmoja wao, mwambie utamtunzia daftari bure kwa miezi sita. Kila siku ingizo, kila wiki ulinganishe fedha zilizoko na zilizoandikwa, kila mwezi umpe ukurasa mmoja unaosema nini kiliingia, nini kilitoka, nani anadaiwa. Utajifunza mambo ambayo darasa halina: mtu hukupa risiti iliyolowa, mwengine anakopesha shemeji bila kuandika, M-Pesa ya biashara imechanganyika na ya nyumbani. Utajifunza na Excel kwa kulazimika, kuoanisha orodha mbili, kujumlisha kwa makundi, kutafuta kosa la shilingi 300 lililojificha katika mistari 900. Mwenye ofisi akikuuliza una uzoefu gani, utakuwa na jibu na mtu wa kupigiwa simu. Faragha ya hesabu zao iheshimu, usizionyeshe hovyo.

Alama zako sasa. 57 si msiba, lakini haifai kuachwa ilivyo. Katika vyuo vyetu vingi daraja la pili la juu huanzia 60, na waajiri wakubwa wenye programu za wahitimu, mabenki hasa, huitumia kama chujio: chini ya hapo faili yako haisomwi. Kama chuo chako hupima miaka minne kwa uzito sawa (thibitisha idarani, si vyote), unahitaji wastani wa 61 katika miaka mitatu iliyobaki: 57 na 61 mara tatu ni 240, ukigawa kwa 4 ni 60. Ukiuacha mwaka wa pili nao uwe 57, miaka miwili ya mwisho itakudai 63. Ukiuacha na wa tatu, mwaka wa mwisho peke yake utakudai 69, pamoja na mradi na kutafuta kazi. Ndiyo maana alama hupandishwa sasa. Tazama ni masomo gani mawili yaliyokuangusha. Mara nyingi ni hisabati na takwimu, na mara nyingi tatizo ni alama za kazi za darasani zilizopotea kabla ya mtihani kufika.

Tuje kwenye vyeti ulivyoshauriwa. CPA ni kizuri, na kwa atakayeshika uhasibu au ukaguzi wa hesabu hakikwepeki, kwa sababu uanachama wa taasisi ya wahasibu na haki ya kutia saini hupita huko. Mitihani yake, inayosimamiwa na bodi ya KASNEB, ina ngazi tatu, ya msingi, ya kati na ya juu, na hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Kinachosahauliwa ni kwamba mwenye shahada inayotambuliwa husamehewa baadhi ya karatasi kwa kulipa ada ya msamaha. Ukikimbilia ngazi ya msingi leo, unaweza kujikuta umelipa na kukesha kwa karatasi ambazo shahada yako ingekuvusha. Tena ukishajisajili kuna ada ya kuhuisha usajili kila mwaka, hata mwaka ambao hukufanya mtihani. Kwa hali yako ya pesa na alama, singeanza mwaka wa pili. Ningeomba kwanza orodha ya misamaha inayohusu shahada yako, kisha, kama baada ya miezi sita ya daftari la chama bado unapenda hesabu, ningeanza mwaka wa nne na karatasi ambazo hazisamehewi. Mwenye wastani wa 68 na mzazi wa kumlipia, huyo ningempa jibu jengine.

Cheti cha kliaringi, ambacho rasmi ni cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na usafirishaji wa mizigo, huchukua kama miezi sita, na KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru (KRA), kina kampasi hapa Mombasa. Kampuni za kliaringi hupewa leseni na KRA na hutakiwa ziwe na watu waliosomea forodha, kwa hivyo cheti hiki kina soko la kweli mjini. Utajifunza kusoma hati ya shehena, kupata thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli yake, na kuichagulia bidhaa nambari yake ya ushuru. Lakini bila mtu wa kukuonyesha mfumo wa forodha ukifanya kazi, utatoka na karatasi tu. Kifanye baada ya atachimenti ya kliaringi, ukiwa umeipenda harufu ya kazi yenyewe: foleni, simu za usiku, jua la bohari.

Na ujue kwamba kazi ya bandari hufuata maamuzi yanayofanywa mbali na Kilindini. Mwaka 2019 serikali ilielekeza mizigo ya bara ipelekwe kwa reli ya SGR ikakaguliwe Nairobi. Ofisi nyingi za hapa zilipunguza watu, vijana wakaandamana mjini. Septemba 2022 uamuzi ukageuzwa, ukaguzi ukarudi Mombasa. Waliokuwa wanajua kliaringi peke yake walikaa bure katikati ya hapo. Waliojua pia hesabu, au kufuatilia magari ya kwenda Kampala na Kigali, walihama meza bila kuhama mji. Wewe chagua fani moja kubwa na moja ya pembeni inayopakana nayo.

Wanafunzi wa biashara hapa huona bandari, benki na hoteli, basi. Wachache hukumbuka kwamba Mombasa ndiko unakofanyika mnada wa chai wa Afrika Mashariki, kila wiki, ambako chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine za jirani huuzwa kwa dunia. Nyuma ya mnada huo kuna madalali, waonjaji, maghala ya Shimanzi na Changamwe, wachanganyaji, wasafirishaji, na wote wanahitaji watu wa hesabu, hati na dola. Kuna mawakala wa meli. Kuna benki zinazofuata sharia na madirisha ya aina hiyo katika benki nyingine, ambako mtu aliyekulia kwenye mirathi na biashara za Kiislamu ana lugha ambayo mwenzake wa bara itambidi ajifunze. Hoteli nazo zina jambo lake: Aprili hadi Juni, mvua za masika, wageni hupungua na mikataba hukatwa, kwa hivyo barua ya kazi ya hoteli ipeleke Septemba au Oktoba, wanapojiandaa kwa Desemba.

Kuhamia kompyuta? Kama huwezi kulala kwa kupenda kuandika programu, na alama zako za hisabati za KCSE zinakubali, nenda idarani uulize leo, maana kila muhula unaokwenda unaongeza ulichopoteza. Kama ni kwa sababu umesikia kuna pesa, usihame. Utarudi mwaka wa kwanza, mkopo haukuahidi mwaka wa tano, na ofisi nyingi za hapa hazitafuti mwandishi wa programu bali mhasibu asiyeogopa kompyuta.

Karatasi za serikali nitazipitia haraka, ingawa zimewanyima watu usingizi. Kama ulichukua PIN ya KRA kwa ajili ya HELB, unatakiwa uwasilishe ritani, yaani taarifa ya mapato yako, kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni hata kama hukupata shilingi. Ya sufuri hujazwa kwa dakika chache, na ukiisahau faini ni 2,000 kwa kila mwaka. HELB huanza kudai mwaka mmoja baada ya kumaliza, riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na anayenyamaza hutozwa faini ya 5,000 kwa mwezi. Asiye na kazi na awaandikie mapema badala ya kujificha. Cheti cha mwenendo mwema usikikimbilie sasa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022, mwajiri anaruhusiwa kudai vyeti hivyo vya idhini pale tu anapokuwa tayari kukupa mkataba, si wakati wa kuomba. Wakikudai pesa za vyeti kabla ya usaili, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kuna mahali ambapo maandishi haya hayatoshi. Suala la misamaha ya KASNEB na kuhama kozi, nenda uso kwa uso na matokeo yako mkononi. Jibu hubadilika kwa mtu na mtu. Ofisi ya ushauri wa kazi ya chuo itembelee muhula huu, hata kama inaonekana haina watu, kwa sababu matangazo ya atachimenti hupitia huko na anayejulikana huambiwa kwanza. Mambo ya HELB na KRA yakikwama mtandaoni, peleka kitambulisho chako kituo cha Huduma, jengo la Posta, Digo Road, na uende asubuhi. Ukiona umeanza kukosa usingizi, kukwepa madarasa, au kujiambia kwamba hakuna maana, hiyo si kazi ya mshauri wa ajira. Pita ofisi ya ushauri nasaha ya chuo au hospitali, na usingoje mwisho wa muhula.

Dada yako umemtaja kwa mstari mmoja tu. Miaka mitatu bila kazi huwafanya waajiri waulize "ulikuwa ukifanya nini", na "kutafuta" si jibu linalowaridhisha. Kazi ile ya daftari igawaneni: yeye achukue la mwenye tuktuk, wewe chukua la kina mama, mkaguane hesabu kila Jumapili jioni. Atakuwa na cha kuandika kwenye sivii kabla ya wewe kuanza kupeleka barua zako Novemba, na mnaweza kuzitembeza pamoja.